Nani Atakwenda Kumtazama?



Wapendwa waamini, nanyi wasomaji wetu wa kila juma mlio mbali na Kibaha,

Tangu tulipodokeza katika mahubiri ya Dominika iliyopita kwamba tuliwahi kusafiri hadi Kenya tukawatazama wanawake wakicheza gofu, tumepokea maswali mengi kuliko tuliyowahi kupokea baada ya mahubiri yoyote juu ya Utatu Mtakatifu. Mama mmoja wa WAWATA alitaka kujua kama gofu ndiyo ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo mchezaji akiwa juu ya farasi. (Siyo, mama, huo ni polo.) Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei, kwa heshima zake zote, aliuliza paroko anatafuta nini katika mchezo wa matajiri, tena wa wanawake. Swali la mzee ni zuri, nasi tumeona tulijibu kwa maandishi, kwa kuwa jibu lake limefungamana na jambo lililo mezani kwetu juma hili, nalo jambo hilo si la gofu.

Mwaka 2023, mwanzoni mwa Februari, tulikuwa katika likizo yetu ya mwaka. Padre mwenzetu tuliyesoma naye Nairobi, anayetoa huduma katika pwani ya Kenya, alikuwa ametualika kwa muda mrefu tukamtembelee. Tulipandia basi hapa Kibaha, tukapita Chalinze na Segera, tukaiacha Tanga nyuma, tukavuka mpaka Horohoro, na jioni tukawa juu ya kivuko cha Likoni, tumebanwa kati ya mikokoteni na watu waliokuwa wakirudi makwao. Mwenyeji wetu alitupokea ng'ambo. Kabla hata hatujafika nyumbani kwake alikuwa amekwisha kutupangia ratiba: Alhamisi tungekwenda Vipingo. Mwanakwaya wake mmoja alikuwa amepata kazi ya kumbebea fimbo mchezaji katika mashindano makubwa ya gofu ya wanawake, naye alikuwa amemsihi paroko wake aje amwone akiwa kazini. Kwa hiyo, mzee wetu wa Halmashauri na asikie: hatukwenda kutazama gofu. Tulikwenda kumtazama mbeba fimbo.

Vipingo ni kaskazini ya Mombasa, njiani kuelekea Kilifi. Uwanja wenyewe huitwa Baobab, yaani mbuyu, na mibuyu ipo kweli, imesimama kati ya nyasi kama wazee waliokataa kuhamishwa. Ardhi ile zamani ilikuwa shamba la mkonge, na mkonge ungali unalimwa jirani, safu kwa safu, sawasawa na ule tuliouona tukiwa ndani ya basi pande za Tanga. Kutoka juu ya kilima unaiona bahari. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma tangu asubuhi, na tulikuja kuambiwa kwamba upepo huo ndio adui mkubwa wa wachezaji pale.

Mashindano hayo, Magical Kenya Ladies Open, yalichezwa mara ya kwanza mwaka 2019, na kwa hayo mfululizo wa gofu ya kulipwa ya wanawake wa Ulaya ulifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Mshindi wa mwaka ule alikuwa Mjerumani, Esther Henseleit, akiwa katika mwaka wake wa kwanza wa kucheza kwa malipo.

Kwa ajili ya wasioujua mchezo, tuueleze kwa ufupi. Mpira ni mdogo kama ndimu. Mchezaji anakuwa na fimbo zisizozidi 14, kila moja na kazi yake, na uwanja una mashimo 18 yaliyotawanyika katika mwendo wa kilomita kadhaa. Anaupiga mpira mpaka uingie katika shimo la kwanza, kisha la pili, na kuendelea. Anayemaliza kwa mikwaju michache kuliko wote ndiye mshindi. Wanacheza siku nne. Baada ya siku mbili kuna mchujo, na waliokatwa hufunga mizigo yao Ijumaa jioni bila kupata hata senti ya zawadi, ingawa nauli na chakula wamekwisha kulipia. Tulimwona mmoja wao Ijumaa hiyo, ameketi juu ya sanduku lake karibu na lango, akisubiri gari. Uso wake tuliujua: ni ule ule wa vijana wetu siku ya matokeo ya kidato cha nne.

Hatuwezi kuwaficha kwamba kulikuwa na jambo lililotusumbua. Mwaka ule ukame ulikuwa umewashika vibaya ndugu zetu wa bara ya Kilifi, na mwenyeji wetu alikuwa na magunia ya mahindi ya msaada chumbani kwake yakisubiri kugawiwa. Kutoka katika chumba kile kuja kukanyaga nyasi mbichi namna ile si jambo jepesi. Tuliliweka moyoni, na hatudhani kwamba yafuatayo yanalifuta.

Alhamisi hiyo ilikuwa tarehe 2 Februari, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ambayo tangu 1997, kwa agizo la Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ni siku ya kuwaombea watawa. Tuliadhimisha Misa saa kumi na mbili asubuhi pamoja na masista wanne, kila mmoja na mshumaa wake, wakarudia nadhiri zao mbele ya waamini wachache waliowahi kuamka. Tukatoka hapo na nta bado vidoleni, tukaingia garini. Injili ya sikukuu hiyo mnaifahamu. Mama na baba maskini wanampeleka mtoto hekaluni na sadaka ya ndege wawili. Hekalu bila shaka lilikuwa limejaa watu siku ile, makuhani, wauza njiwa, mahujaji. Wazee wawili tu ndio waliomwona: Simeoni, na Ana binti Fanueli, mjane wa miaka themanini na minne. Hawakufanya lolote kubwa. Hawakumponya mtu wala hawakujenga kitu. Walitazama, wakatambua, wakasema. Kwa kutazama tu wameingia katika Injili, na kila usiku Kanisa zima linasali kwa maneno ya Simeoni kabla ya kulala.

Tulipofika uwanjani, mwanakwaya wetu alikuwa amekwisha kuanza kazi, amevaa kizibao chenye jina la mchezaji wake, mkoba mkubwa begani. Alipotuona aliinua kidevu kidogo tu. Kazini kwao hakuna kupunga mkono. Tukaambatana na kundi lake, wachezaji watatu na wabeba fimbo watatu, sisi tukitembea nje ya kamba. Tuliwahesabu watazamaji wa kundi lile, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuhesabu: tulikuwa kumi na mmoja. Wanawake waliotoka pande za mbali za dunia, wanaofanya kwa mikono yao jambo ambalo watu wachache sana wanaweza kulifanya, na watu kumi na mmoja wakiwatazama, wawili kati yao mapadre waliomfuata mwanakwaya.

Sisi tuliozoea kelele za Simba na Yanga tulipata shida mwanzoni. Katika gofu mtazamaji hasemi wala hasogei mchezaji anapojiandaa kupiga. Msimamizi anainua mikono yote miwili, na kila mtu anaganda pale alipo. Hata aliyekuwa akifungua chupa ya maji anaiacha. Unasikia upepo katika mibuyu, unasikia ndege, kisha mlio mmoja mkavu wa fimbo. Tulikumbuka saa ya kuabudu Ekaristi. Hatusemi kwamba vitu hivi ni sawa, la hasha. Tunasema tu kwamba mwili wetu uliutambua ukimya ule: ukimya wa kumwangalia mwingine kwa nia moja, bila kutaka kumwamuru.

Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja wa makamo, Mzungu, amevaa kofia pana na viatu vilivyochakaa kwa kutembea. Alikuwa mama mzazi wa mmoja wa wachezaji. Kila baada ya mkwaju, binti yake, kabla ya kuangalia mpira umeanguka wapi, aligeuza jicho mara moja kuelekea kwenye kamba, akamwona mama yake yupo, kisha akaendelea. Tuliona hivyo shimo baada ya shimo. Mama yule hakusema neno. Tulidhani ni ukali, kumbe ni kanuni: mchezaji akiwa uwanjani haruhusiwi kupokea shauri la mchezo kwa yeyote asiye mbeba fimbo wake. Mama anaweza kuona kosa analokaribia kulifanya mwanawe, lakini kinywa chake kimefungwa. Anachoruhusiwa ni kuwapo. Tulipokaa kivulini kunywa maji, mwenyeji wetu alimwuliza kama haimchoshi, mwendo wote ule katika jua lile bila kuweza kusaidia. Akajibu kwamba inachosha sana, akacheka, akaifunga tena kofia yake.

Tulitafakari juu ya Bikira Maria chini ya Msalaba. Yohane anatuambia kwamba alisimama pale; hatuambii kwamba alisema lolote. Na Marko anasimulia wanawake wengine waliokuwa wakitazama kwa mbali, wakati wanaume, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekwisha kutoroka. Kanisa letu limejengwa juu ya ushuhuda wa watu waliokubali kutazama jambo ambalo hawakuweza kulizuia. Kiswahili chetu kimelijua hilo vizuri: wale vijana waliouawa Namugongo tunawaita Mashahidi wa Uganda, na aliyeona ajali njia panda tunamwita shahidi, neno ni lile lile moja.

Gofu nayo ina mashahidi wake. Mchezaji haandiki mwenyewe hesabu yake ya mikwaju. Mwenzake humwandikia, naye humwandikia mwenzake, na mwishoni kila mmoja anaikagua kadi yake na kuitia saini. Hakuna refa anayewafuata kila hatua kwa filimbi. Siku ile mchezaji mmoja wa kundi letu, msichana ambaye jina lake hatukulishika, mpira wake uliingia kwenye majani marefu. Akainama, akawa anatafuta nafasi ya kusimama, kisha ghafla akarudi nyuma na kuinua mkono kuita wenzake. Sisi hatukuwa tumeona kitu. Wenzake nao hawakuwa wameona kitu. Mwanakwaya alitueleza baadaye: mpira ulikuwa umesogea kidogo alipogusa majani, naye alijiongezea mkwaju mmoja wa adhabu, akaurudisha mpira mahali pake, akaendelea. Ijumaa jioni mkwaju mmoja unaweza kuwa ndio tofauti ya kubaki na kufunga mizigo. Tangu siku hiyo, tunapowafundisha watoto maana ya kutafuta dhamiri kabla ya Kitubio, mfano tunaoutumia ni huo, na wanauelewa upesi kuliko ule wa vitabuni.

Na ushahidi ukikosewa, madhara yake ni makubwa. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alilifikia shimo la 17 kwa mikwaju mitatu mbele ya umati na mbele ya televisheni. Mwenzake aliyekuwa akimwandikia, kwa bahati mbaya, akaandika minne. De Vicenzo akatia saini bila kuangalia. Kanuni ikasema kilichotiwa saini kimetiwa saini, akaukosa ubingwa kwa mkwaju ambao hakuupiga. Umati wote uliona tatu, lakini aliyepewa kazi ya kumtazama aliandika nne.

Wanawake wa gofu wameandikiwa hesabu pungufu kwa muda mrefu. Klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, Uskoti, ilianzishwa 1754, na mpaka 2014 ndipo wanachama wake walipopiga kura kuwakubali wanawake, miaka 260. Huko Marekani wanawake 13 walichoka kusubiri, wakaanzisha chama chao cha gofu ya kulipwa mwaka 1950. Tunapolitaja hili hatucheki sana, maana sisi wenyewe tunakaa katika nyumba ya vioo.

Jumatatu yake, tukiwa safarini kurudi, tulisoma katika gazeti kwamba aliyeshinda Vipingo ni Aditi Ashok, kijana wa India, kwa tofauti ya mikwaju tisa, pengo ambalo katika mchezo ule ni kama kushinda mabao sita kwa bila. Hatukuwa tumemwona vizuri, kwa kuwa alicheza katika kundi lingine. Lakini tulipofika nyumbani tulisoma habari zake, tukakuta jambo ambalo hatukulisahau. Mwaka 2016, akiwa na miaka 18, alicheza katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, na aliyembebea fimbo alikuwa baba yake. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, aliyembebea alikuwa mama yake, na binti akawa wa nne, mkwaju mmoja tu nje ya medali. Watu wengi nchini kwao ambao hawakuwahi kuijua gofu waliamka alfajiri kumtazama. Baba na mama wake walikuwa wamekwisha kumtazama miaka yote hiyo ambayo hakuna aliyeamka.

Sasa turudi Kibaha, na tuseme kilicho mezani.

Gofu ya wanawake kwetu Tanzania ina majina yake. Madina Iddi na Angel Eaton wameiwakilisha nchi, na tangu 2024 yanachezwa mashindano ya mfululizo ya Lina PG Tour kwa kumbukumbu ya hayati Lina Nkya. Ila hapa Kibaha na kule Kisarawe wasichana wetu hawana nyasi wala mibuyu iliyozungushiwa kamba. Wana netiboli, ambayo ni pete mbili na vumbi. Katika sikukuu ya somo wa parokia yetu walicheza saa saba mchana, wakati umati wote ulikuwa kwenye mstari wa pilau. Waliowatazama walikuwa wachache kuliko wale kumi na mmoja wa Vipingo. Mpira wa miguu wa vijana wa kiume ulifuata saa kumi, jua limepoa, watu wameshiba, na kelele zake zilisikika mpaka barabara ya Morogoro. Na huu ni mji wenye shule zinazobeba jina la Filbert Bayi. Wazee wetu bado wanasimulia zile mita 1500 za Christchurch mwaka 1974 kana kwamba walikuwa wamesimama kando ya njia. Kushangilia tunakujua.

Miongoni mwa wasichana wale yupo mmoja wa kidato cha tatu, mfungaji, anayekaa hapa kwa shangazi yake ili asome, wazazi wake wakiishi Kisarawe. Juma lililopita mwalimu wake wa michezo alituletea fomu. Binti amechaguliwa kuingia kambi ya timu itakayokwenda UMISSETA, na fomu inahitaji saini ya mzazi. Baba yake amekataa kutia saini. Mwalimu aliomba paroko aende.

Tukapita njia ya Kiluvya na Mpuyani, yenye mashimo mengi kuliko ya Vipingo, tukafika wakati baba huyo anatoka shambani kwenye mikorosho yake. Tumemwomba ruhusa kuandika haya. Alicheka, akasema tuandike, ila tusitaje kijiji. Si mtu mkorofi. Alitukaribisha chini ya mfenesi, akatuletea madafu, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yake.

"Baba Paroko, mimi sikatai mchezo. Nakataa kambi. Wasichana wangapi wa huku wametoka kwenda kambi wakarudi na mimba? Wewe unawabatiza hao watoto. Sketi ile fupi nimeivumilia. Lakini binti yangu alale mbali wiki mbili, anaangaliwa na nani?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatukulitafuta. Anayodai ni haki yake, na wanaocheka hofu ya baba wa namna hiyo hawajakaa katika kiti cha maungamo. Tulimwahidi kulifikisha kwa mwalimu: atakuwepo mama mlezi anayelala bweni moja na wasichana, na jina lake liandikwe. Mwalimu amekwisha kukubali. Kisha tukamwuliza, kwa upole, kama amewahi kumwona binti yake akicheza. Akanyamaza. Akasema korosho hazina Jumamosi. Tukamsimulia habari za yule baba wa India aliyembebea mwanawe fimbo mpaka Rio. Alisikiliza kwa makini, akatafakari, akauliza, "Huyo baba, shamba alimwachia nani?"

Tulicheka wote, na pengine mazungumzo yangeishia hapo, lakini mama yake, bibi yake binti, alikuwa ameketi barazani akisuka ukili na kusikia kila neno. Tulimwamkia tena, "Shikamoo, bibi," akaitika marahaba bila kuacha kazi yake. Yeye ni Mwislamu na Mzaramo wa zamani, na kwa mambo ya Kanisa hana haja nasi. Lakini alikuwa na neno.

"Nyie mnazungumza kama mtoto huyu anataka kuibiwa," alisema. "Sisi mwali tulimweka ndani miezi na miezi, haonekani na mtu. Kweli. Lakini siku ya kumtoa, alitolewa ili aonekane! Alibebwa mabegani, na kijiji kizima kilitoka, hata wenye mashamba. Mtoto wa kike hutolewa nje akatazamwa na watu wake. Asipotazamwa na watu wake, atatazamwa na nani? Si na hao mnaowaogopa?"

Wapendwa, sisi tulisoma teolojia kwa miaka mingi, na sikukuu ya tarehe 2 Februari tumeihubiria kila mwaka tangu upadrisho. Neno hilo hilo tunalisoma katika kalenda, Kutolewa, na hatukuwahi kulisikia kama alivyolisema mwanamke yule juu ya mkeka wake. Hagari naye, mjakazi aliyekimbia mateso, alipokuwa peke yake jangwani alimpa Mungu jina, na jina alilompa ni la Mungu anayemwona.

Baba hakutia saini. Aliikunja fomu vizuri, akaturudishia, akasema: "Nitakuja kwanza nimwone. Nikimwona, tutazungumza." Bibi naye amesema atakuja, iwapo atapatikana mtu wa kumleta. Fomu sasa imo ndani ya kitabu chetu cha sala, na mwalimu anaihitaji Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo tunatangaza. Jumamosi hii saa tisa alasiri, katika uwanja wa parokia, wasichana wetu watacheza netiboli na timu ya shule jirani. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza yamehamishiwa asubuhi ili watoto nao wawepo. Halmashauri ya Walei itatoa mabenchi ya ukumbini na kuyapanga upande wenye kivuli. Mwenye gari anayeweza kwenda Kisarawe saa sita mchana kumchukua bibi mmoja na mwanawe, atuone baada ya Misa ya asubuhi. Pilau haitapikwa.

Wenu katika Kristo,
Paroko